Pijo, Landrova na Kona ya Antoni

Njoro, Moshi
Ijumaa, 6 Septemba 2024

Ndugu yangu Kornel,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini mimi ndiye mkubwa, na shikamoo yako nimeihesabu kuwa iko njiani tangu Krismasi ya 2020.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu binti yako Salvina ameniwekea karatasi mezani na amesimama mlangoni kama askari wa getini. Anasema simu zetu anajua zinavyoishia: mmoja anakata, mwingine anasingizia mtandao. Basi tuandikiane, yeye atabeba barua akija kwenu mwisho wa wiki.

Sharti lake umelisikia. Harusi ni Jumamosi tarehe 28 Desemba, parokiani hapo Uru. Mimi na wewe tukubaliane gari gani litamtoa nyumbani hadi kanisani, na wote wawili tuwemo ndani ya hilo gari. Tukiwa hatujaelewana Majilio yakianza, yeye na Tito wanakwenda kufunga ndoa bomani. Bomani, Kornel! Mama yetu angefufuka.

Mimi naona jambo hili halina mjadala. Pijo yangu 504 ya mwaka 1980 ni ile ya familia, viti safu tatu. Injini ni ya ujazo wa sisi 1971, nguvu za farasi tisini na tatu. Inakimbia zaidi ya mia moja na hamsini, ingawa sijasema nitamkimbiza bibi harusi. Springi za nyuma ni za koili, kwa hiyo abiria anakaa kama yuko sebuleni. Lita moja ya petroli inanipa kilomita tisa. Landrova yako ikikupa sita, unapiga picha.

Bibi harusi apande kitu chenye heshima. Nasubiri jibu fupi.

Kaka yako,
Sirili


Uru
Jumapili, 22 Septemba 2024

Kaka Sirili,

Tumsifu Yesu Kristo.

Barua imefika. Ulitaka jibu fupi: hapana.

Sasa jibu refu. Kutoka getini kwetu mpaka parokiani ni kilomita tatu za udongo, na vuli mwaka huu wanasema haitacheza. Landrova yangu ni Siri ya Tatu, yaani toleo la tatu, ile ndefu, ya mwaka 1976. Injini ni ya sisi 2286. Ndiyo, farasi ni sabini tu, na sikatai kwamba ikifika mia na tano inaomba msamaha. Lakini nani anakwenda mia na tano kwenye migomba ya watu? Ina kitufe cha njano, ukikibonyeza magurudumu yote manne yanavuta. Ina mkono mwekundu, ukiuvuta unapata gia nne nyingine za mlima. Pijo yako ina nini? Ina kiti cha sebuleni. Bibi harusi akwame kwenye tope akiwa amekaa vizuri!

Halafu kuna suala la kuchemsha, ambalo naona umeliruka. Krismasi ya 2020 familia nzima ilikusubiri na mbuzi amefungwa, wewe uko Kona ya Antoni na Pijo yako imechemsha. Saa mbili nzima! Wakwe zangu wapo, watoto wanalia njaa. Ndiyo, nilimchinja kabla hujafika. Unanuna mwaka wa nne sasa kwa sababu ya rejeta yako.

Jambo la mwisho, punguza sauti. Herufi zako zimekuwa kubwa kama tangazo la mnada, maneno matano tu mstari umejaa. Mimi ni mzee mwenzako, sio kiziwi.

Mdogo wako,
Kornel


Njoro
Ijumaa, 4 Oktoba 2024

Kornel,

Marahaba. Nimeona umepitia kwa Yesu Kristo ili kuikwepa shikamoo. Yeye atakusamehe kabla yangu.

Herufi ni zangu, nitaziandika ninavyotaka.

Miaka arobaini nilikuwa chini ya magari ya watu, kwa hiyo nisikilize mara moja. Vitabu vya magari yote mawili ninavyo. Nguvu ya kuvuta, ile inayozungusha ekseli mlimani, ni karibu sawasawa. Umesikia? Sawasawa! Tofauti ni wakati inapokuja. Ya kwako inakuja mapema, injini ikiwa kwenye mizunguko elfu moja na mia tano, haijaamka vizuri. Ya kwangu inakuja kwenye elfu tatu, lazima uiachie izunguke. Kwa hiyo ukiniambia Pijo haina nguvu unasema uongo. Haina haraka ya kuzionyesha, basi.

Springi za Landrova unazijua. Zile ni vyuma vilivyopangwa kama vitabu vya maktaba, hakuna anayevifungua. Bibi harusi atashuka kanisani shela iko kiunoni. Na mlango wa nyuma ulikuwa unafungwa kwa waya. Bado?

Kuhusu mbuzi sijakuuliza. Marehemu baba alimngoja baba mkubwa wetu mpaka giza likaingia, na hakuna kisu kilichoguswa. Mbuzi wa Krismasi hachinjwi mzaliwa wa kwanza hajaingia getini. Wewe umebaki kwenye kihamba, shamba la ukoo, kwa kuwa ni kitindamimba, ni haki yako, sina neno. Hiyo moja tu ndiyo iliyokuwa yangu. Nilifika, nikaona ngozi iko ukutani, nikageuza gari. Ungekuwa mimi ungefanya nini?

Sirili


Majengo, Moshi
Ijumaa, 18 Oktoba 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Hii ni ya kwako peke yako, Baba hataiona.

Jana ulinimiminia chai nje ya kikombe, nikajifanya sioni. Leo nimelizunguka gari uani. Taa ya kushoto imepasuka, kioo cha pembeni cha kushoto hakipo, mlango wa kushoto una mkwaruzo kuanzia mbele mpaka nyuma. Vyote kushoto. Mimi nauza vitambaa, sio fundi, lakini hilo hata mtoto ataliona.

Baba Mkubwa, unaona vizuri?

Usiniambie mambo ya miwani. Nakuomba.

Mwanao,
Salvina


Njoro
Jumamosi, 19 Oktoba 2024

Mwanangu Salvina,

Marahaba mama.

Upande wa kushoto umekwisha. Jicho la kushoto halina kitu, la kulia linaona katikati na kulia kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ukuta. Ni presha ya macho. Daktari aliniambia mwezi wa nane kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki nisikipigie hesabu ya miaka. Pijo sijaitoa getini tangu Pasaka. Naiwasha kila Jumamosi, inanguruma vizuri, naizima.

Ulidhani nabishania gari. Nabishania kupanda. Nataka nifike nyumbani wakati bado naona. Nione mlango wa nyumba ya mama, na mlima ukifunguka asubuhi, na ile migomba ya kisimani kama ipo. Kisha giza lije, nitakuwa nimeshaaga. Lakini siwezi kwenda mahali ambapo nilitolewa. Lazima niitwe. Na akinihurumia kwa sababu ya macho, hiyo sio kuitwa, hiyo ni sadaka.

Kwa hiyo nyamaza. Ukimwambia baba yako, barua sibebeshi tena mtu.

Baba Mkubwa


Uru
Jumapili, 27 Oktoba 2024

Kaka Sirili,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mambo ya elfu moja na mia tano na elfu tatu nimeyasoma mara mbili. Ni mazuri. Yanafaa darasani.

Mimi nasema tuache vitabu. Jumamosi tarehe 30 Novemba, saa nne asubuhi, kesho yake Majilio yanaanza. Wewe njoo na Pijo, mimi nishuke na Landrova, tukutane Kona ya Antoni, pale pale dukani kwake. Kila gari lipakie watu watano na magunia mawili ya mahindi, tupande mpaka kanisani bila kusimama. Itakayofika bila kuchemsha na bila kuteleza ndiyo itakayombeba Salvina. Shemeji yako Theodora amesema sisi ni watoto. Mwambie mwenyewe ukimwona.

Mlango wa nyuma haufungwi kwa waya tena. Unafungwa kwa kamba.

Kama unaogopa, sema.

Kornel


Njoro
Ijumaa, 8 Novemba 2024

Kornel,

Marahaba.

Niogope Landrova? Tarehe 30, saa nne. Magunia uje nayo wewe, shamba ni lako.

Sirili


Uru
Jumamosi, 30 Novemba 2024

Kaka Sirili,

Nimekusubiri Kona ya Antoni kuanzia saa nne kasoro robo mpaka saa sita na robo. Landrova ilikuwa inawaka vizuri, magunia nyuma, watu wananiuliza kaka yako yuko wapi. Naona Pijo imeogopa mlima. Gari la harusi ni Landrova, mambo yameisha.

Kornel


Njoro
Jumamosi, 30 Novemba 2024

Kornel,

Nimekusubiri kwenye kona pale kwa Antoni zaidi ya saa mbili. Pijo haikutoa hata tone la maji. Hukutokea. Nadhani sasa limejulikana gari ni lipi.

Sirili


Majengo
Jumapili, 1 Desemba 2024

Baba na Baba Mkubwa,

Shikamooni. Nimeandika barua hii mara mbili kwa maneno yale yale, kila mmoja ana yake.

Barua zenu za jana nimezipokea zote mbili. Nimezisoma, ndiyo, nimezisoma, na siombi radhi. Jana nilikuwa Kona ya Antoni. Nilikaa kwenye benchi la duka kuanzia saa tatu na nusu mpaka saa saba. Nimekunywa soda mbili na Antoni amenisimulia habari zote za mguu wake. Zimepita bodaboda, imepita trekta, wamepita ng'ombe wa jirani. Hakuna Pijo. Hakuna Landrova.

Jamani, mna umri gani nyie?

Nilidhani nyie mnagombania gari. Hakuna gari! Kuna wazee wawili wanaodanganyana kwa mwandiko mzuri. Mmoja mwandiko mbaya, samahani Baba Mkubwa.

Padri anaanza kutangaza ndoa Jumapili ijayo, tarehe 8. Fomu za bomani ninazo kwenye mkoba. Tito anasema popote nitakaposema atakuja. Jumanne napita Njoro, Ijumaa nitakuwa Uru. Kila mmoja aandike ukweli, ukurasa mmoja unatosha. Nikikuta habari za nguvu za farasi, nachana barua hapo hapo na kanisani siendi.

Salvina


Njoro
Jumanne, 3 Desemba 2024

Mdogo wangu Kornel,

Salvina amekaa hapa ananiangalia nikiandika, kwa hiyo itakuwa kweli tupu.

Tarehe 30 sikutoka. Nilifungua geti, nikawasha gari, nikakaa kwenye usukani kama nusu saa. Sikuweza. Macho yangu yamekwisha. La kushoto halioni, la kulia linamalizia. Ndiyo maana herufi ni kubwa. Sikuwa nakupigia kelele, nilikuwa natafuta mstari.

Sasa nikwambie jambo la Krismasi ya 2020, ambalo sijamwambia mtu.

Pijo haikuchemsha. Haijawahi kuchemsha tangu niinunue, nakuapia. Nilipofika kwenye kona, upande wa kushoto wa barabara ukapotea. Sio ukungu. Haukuwepo tu. Nikasikia bati linakwaruza ule ukuta wa mawe, nikasimama. Sikujua ni nini. Niliogopa, Kornel. Nilikaa pale nimeshika usukani, nikisubiri barabara irudi. Baadaye ikarudi nusu, nikapanda pole pole hadi getini. Watu wakasema Pijo imechemsha, nikaacha waseme. Niliona afadhali litukanwe gari kuliko mimi. Nimelichongea gari langu miaka minne, gari ambalo halina kosa. Unajua mimi na hilo gari. Ujue basi niliogopa kiasi gani.

Kwa hiyo ulipomchinja mbuzi, nilikuwa nimechelewa kweli, na sababu sikukupa. Nilikasirika kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema.

Nataka kuja nyumbani niione mara moja. Sitaki kuja kwa kuhurumiwa. Kama hutaki nije, nitaelewa. Salvina aende kanisani kwa Landrova, na mimi nitakuwa nimekaa benchi la nyuma.

Kaka yako,
Sirili


Uru
Ijumaa, 6 Desemba 2024

Kaka Sirili,

Shikamoo.

Shikamoo tena, hiyo ni ya mwaka 2021. Shikamoo, ya 2022. Shikamoo, ya 2023. Shikamoo, ya mwaka huu. Sasa sina deni.

Landrova haijatembea tangu mwaka 2021. Kuku wa Theodora wanataga kwenye kiti cha dereva, na kuna mmoja ameatamia juu ya giaboksi, hataki kuguswa. Kitufe cha njano kimeng'oka. Mambo yote niliyokuandikia nimeyatoa kichwani, nikikumbuka ilivyokuwa. Nilikupa changamoto ya mlima nikijua utakataa. Ulipokubali nilikosa usingizi.

Lakini hilo ni dogo. Kuna jingine.

Krismasi ile mimi nilishuka kwa miguu kukutafuta. Hujui hilo. Nilifika juu kidogo ya kona, nikakuona. Gari limesimama, wewe umekaa ndani, boneti imefungwa. Kaka, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba gari likichemsha jambo la kwanza ni kufungua boneti. Nikasema huyu hajachemsha. Huyu anatusubirisha kusudi, ili wakwe zangu waone nani mkubwa. Nikageuka bila kukuita. Nikapanda nikiwa na hasira, nikachukua kisu. Kisha nikawaambia watu umechemsha, ili nisionekane nimemchinja mbuzi kwa hasira.

Ningeshuka hatua hamsini zaidi. Hatua hamsini tu! Ningefungua mlango, ningekuona ulivyoogopa. Nimelifikiria hilo tangu Salvina aliponipa barua yako mchana, na chakula kimenishinda.

Ndani ya bahasha utakuta jani la sale. Nimelikata kwenye mpaka wa kihamba, pale pale alipopanda baba. Limekunjika kidogo kwa sababu ya bahasha. Sihitaji kukueleza kwamba anayeombwa msamaha kwa sale hakatai, wewe ndiye mkubwa. Naomba msamaha kwa mbuzi, na kwa kugeuka. Sikuhurumii macho. Nakuita nyumbani kwa sababu ni kwenu.

Jumanne tarehe 24 nitashuka Njoro, saa mbili asubuhi niko getini kwako. Nitaendesha Pijo, wewe utakaa kando yangu. Ndiyo itakayombeba Salvina, nakubali. Mwambie asichane barua, hizo nguvu za farasi sijazitaja.

Mbuzi nimeshamnunua. Amefungwa nyuma ya nyumba ya mama. Hachinjwi mpaka uingie getini. Ukichelewa mpaka Pasaka atakuwa amenenepa, na wageni watakula ndizi.

Mdogo wako,
Kornel


Njoro
Jumatatu, 9 Desemba 2024

Mdogo wangu Kornel,

Marahaba. Marahaba mara tano, zipokee zote.

Sale imefika. Haikataliwi, na hata ingekuwa inakataliwa nisingeikataa. Nimeibandika kwenye kioo cha mbele cha Pijo, upande wa kulia ili niione.

Salvina amesema jana Padri ametangaza ndoa. Fomu za bomani amewashia jiko la mkaa mbele yangu. Ameniachia na kioo kipya cha pembeni, amekipata Kiboriloni kwenye mitumba, cha gari jingine kabisa. Nimekifunga kwa kupapasa. Kimekaa.

Funguo utazikuta kwenye msumari. Gia iko kwenye usukani, usitafute chini. Na usiliendeshe kama Landrova. Wewe umezoea injini inayovuta ikiwa usingizini. Hii ukifika mlimani rudisha gia, uiachie izunguke, usiogope sauti yake. Nitakuwa naisikia, nitakwambia.

Tukifika, kabla ya kula, unipeleke kwenye Landrova. Utapiga stata mimi nikiwa nimeinama hapo mbele. Masikio yangu hayana kasoro. Kuku mtoe taratibu, mayai asivunje.

Nakuomba jambo moja. Tukifika Kona ya Antoni, simamisha gari. Usifungue boneti. Watu wakiuliza, waambie haijachemsha. Kaka yako anaangalia.

Sirili